Zote zinafanana, alisema mdogo wangu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kama albamu ya piano na sauti tupu inaweza kumshika msikilizaji mpaka wimbo wa mwisho, limenikuta nikiwa na albamu moja ya aina hiyo siku ya tisa mfululizo. Ni ya msanii anayejitegemea: anatunga, anapiga na kuimba mwenyewe, wala hana kampuni nyuma yake. Nyimbo 10, dakika 38. Jibu langu ni ndiyo, ila mara ya kwanza ilinishinda hata mimi.

Siku hiyo tuliisikiliza watu wanne, spika mezani, mazungumzo yakiendelea. Kufika wimbo wa nne mdogo wangu akatoa hukumu: "Zote zinafanana." Shemeji akaongeza kwamba rekodi ni mbovu, piano kama imefunikwa blanketi. Sikuwapinga.

Kuhusu blanketi, shemeji hakuwa mbali na ukweli. Piano nyingi za kusimama, zile zinazoegemezwa ukutani, zina pedali ya katikati inayoshusha kitambaa cha sufu kati ya nyundo na nyuzi, ili mtu afanye mazoezi bila kuwaudhi majirani. Wanaorekodi nyumbani wameipenda kwa sababu inapunguza makali ya sauti, na maikrofoni inaweza kusogezwa karibu kabisa. Ukivaa hedifoni unasikia hata nyundo zikirudi mahali pake, na pedali ikilalamika kama kiti kikuukuu. Kwenye spika ya mezani, watu wakiongea, vyote hivyo ni ukungu tu.

Basi nikaanza upya, usiku, peke yangu. Noti ya piano huanza kufa pale pale nyundo inapogonga uzi. Mpiga fidla akishaianza noti anaweza kuikuza. Mpiga piano akishabonyeza, imekwenda. Huyu mwimbaji anaujua udhaifu huo na anautumia. Katika wimbo wa sita anaiacha noti ififie karibu na kimya ndipo aingie na neno, na kati ya mstari na mstari nilihesabu mpaka nne. Mara ya kwanza niliuita uvivu. Mara ya tatu nilijikuta nimezuia pumzi nikimsubiri.

Na hizo nyimbo "zinazofanana"? Mwendo wake unakaribiana, nakubali. Tofauti iko kwenye mguso. Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliyeiunda ala hii karibu mwaka 1700, alitaka kidole chenyewe kiamue sauti itoke kwa upole au kwa nguvu, jambo ambalo kinanda cha kudonoa nyuzi cha wakati wake hakikuliweza. Kama sikio limezoea ngoma na besi kulionyesha njia, tofauti ya mguso hulipita kimyakimya.

Lakini mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Mimi nilijifunza piano miaka miwili nikaacha, kwa hiyo nasikia vidole. Mdogo wangu anatafuta mdundo wa kuchezea. Dada yetu hujali maneno, na ndiye aliyeniambia kwamba wimbo wa tatu, niliodhani ni wa mapenzi, unamhusu mzazi aliyeanza kusahau majina ya watoto wake. Nilikuwa nimeshausikiliza mara tano!

Kasoro moja siwezi kuifumbia macho. Wimbo wa nane, bila taarifa, kundi la fidla linaingia na kuziba zile nafasi zote alizozijenga kwa uvumilivu. Tumezoea kuzilaumu kampuni kwa mapambo ya namna hiyo, ila huyu hakushurutishwa na mtu. Nadhani aliogopa tumechoka. Prodyuza mwenye ulimi mkali angemwambia azitoe.

Wimbo wa kumi unamlipia. Baada ya neno la mwisho mguu wake unabaki kwenye pedali ya kulia, nyuzi zinaendelea kuvuma, zinafifia, zinafifia, kisha unasikia pedali ikiachiwa na mtu akiinuka kitini. Mdogo wangu hajawahi kufika hapo. Huzima wimbo wa nane, fidla zinapoingia, na kwa hilo tu simlaumu.

Msomaji wenu