Maji kando ya figo mpya

Swali: Shikamoo daktari, mamangu kawekewa figo mwezi uliopita, sasa ultrasaundi yaonyesha maji kando yake na mguu wa upande ule umefura, je mwili waikataa figo? Binti, Likoni.

Jibu: Marahaba mwanangu. Si lazima. Figo mpya huungwa kwenye mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na juu yake kumetandaa vijishipa vya limfu, yaani maji ya mwilini yanayorudi kwenye damu, vyembamba mno, daktari huvifunga kimoja kimoja kwa uzi au klipu, ama huviziba kwa moto wa umeme, kimoja kikivuja maji hukusanyika. Yakiwa kidogo hukauka yenyewe. Lakini mguu kufura, mpeleke kliniki leo leo, huenda pia ni damu imeganda. Maji hutolewa kwa mpira mwembamba, yakirudi hufunguliwa kidirisha, yaani tundu kwenye utando wa tumbo, yamwagikie tumboni, mwili uyanyonye.