Anza na gata, saruji iache dukani

Kimea wengi wetu tunakijua kwa togwa. Waingereza walikiotesha kwa shayiri, tena kwa matani: nafaka inarowekwa, inatandazwa sakafuni, inageuzwageuzwa ikiwa inaota, kisha inakaushwa tanurini. Majengo ya kazi hiyo mengi yamebaki matupu. Nimefanya uashi katika mojawapo kwa miaka miwili, na niliyoyaona yatamfaa yeyote mwenye karakana ya reli au ghala la mkonge linalochakaa mtaani kwake.

Siku ya kwanza wenzangu walitazama nyufa. Mimi nilipanda ngazi nikatazama gata, ile mifereji ya maji ya paani. Zilikuwa zimeziba kwa majani, maji yakishuka ukutani mwaka baada ya mwaka. Na pale palipolowa zaidi, fundi aliyetangulia alikuwa amepiga plasta ya saruji. Niliumia sana. Ukuta wa zamani umejengwa kwa chokaa, nao unapumua: unyevu unaingia, unatoka. Saruji inaufungia ndani hadi tofali lenyewe linamomonyoka. Niliyaona hayohayo Bagamoyo kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, nilipokuwa namshikia mjomba ndoo. Kwa hiyo, ndugu zangu, zibueni gata kabla ya mvua, bandueni saruji polepole, rudishieni chokaa. Msiikaushe haraka, ifunikeni kwa magunia yaliyoloweshwa, siku kadhaa.

Halafu jengo lipewe kazi. Kule Shrewsbury, Uingereza, kuna kinu cha kitani, yaani kiwanda cha kusokota nyuzi za nguo, cha mwaka 1797. Vinu vya sakafu za mbao vilikuwa vikiteketea kwa moto, ndipo mbunifu wake, Charles Bage, akatumia nguzo na mihimili ya chuma. Ndilo jengo la kwanza duniani kusimama kwa kiunzi cha chuma. Mwishoni mwa karne ya 19 kikageuzwa kiwanda cha kimea, madirisha mengi yakazibwa. Kimea kikakoma mwaka 1987, na jengo likangoja hadi 2022 kufunguliwa tena, sasa likiwa na ofisi na maonyesho. Msingoje hivyo. Hata kabla ya fedha kubwa kupatikana, mpangishieni seremala kona moja.

Na waulizeni mapema wazee waliofanya kazi humo, wakiwa bado wapo. Kwenye jengo letu la kimea, mzee aliyegeuza shayiri ujanani ndiye aliyetuonyesha mtaro uliofukiwa chini ya ua, ambao haukuwa kwenye mchoro wowote. Tulipouzibua, ukuta wa kaskazini ukaanza kukauka.