Nimeacha Kumzuru Mgonjwa Wetu kwa Kuwa Si Muislamu

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mwanamke, mkazi wa South C hapa Nairobi. Kwa miaka sita nimekuwa katika kikundi cha watazamaji wa ndege, watu kama ishirini wa dini na makabila mbalimbali, ambao hukutana kila Jumamosi mapema, mara Arboretum, mara Karura, mara City Park. Aliyetufundisha wengi wetu ni mwalimu mstaafu, Mkristo, ambaye sote tunamwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Mwaka huu amepatikana na saratani ya umio, nayo imekwisha kuenea. Kikundi kimegawana siku: wengine humpeleka hospitali kwenye tiba ya miali, wengine hukaa naye ili mkewe apumzike, na kila mwezi tunachanga. Zamu yangu ilikuwa Jumatano. Nilimpelekea uji na kumsomea orodha ya ndege tulioona. Ustadhi mmoja wa darasa letu aliposikia, alinieleza kwamba kumzuru asiyekuwa Muislamu bila ya nia ya kumsilimisha ni dhambi, kwamba kumwombea shifaa, yaani apone, hakufai, na kwamba ninawapelekea mali ya Waislamu watu wasiokuwa wetu kwa ajili ya mchezo wa kipuuzi. Nimeacha kwenda kwa wiki tatu. Juzi Guka alinitumia ujumbe wa sauti, dhaifu mno, akiniuliza kama mbayuwayu wamefika. Sijamjibu. Nifanye nini? Na je, ninaweza kumpa kutoka katika zaka ya dhahabu niliyoiweka akiba?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, chukua simu umjibu mzee huyo. Mwambie kama mbayuwayu wamefika au hawajafika, na umwombe radhi kwa kumkalia kimya. Kisha rudi usome yaliyosalia, kwa maana mengine yanaweza kungoja, na mtu aliye katika hali yake hangoji sana.

Hukumu ni kwamba kumzuru kwako, kumpikia, kumsomea, kumchangia na kumwombea apone ni mambo yanayofaa katika dini yetu, na kwa mtu mwenye haki juu yako kama alivyo huyu, unatarajiwa kupata thawabu kwayo. Ningeweza kuishia hapo. Lakini swali lako limeninyima usingizi, kwa sababu si la kwanza la aina hii kunifikia mwaka huu, na kila mara nakuta nyuma yake mgonjwa ambaye ameachwa peke yake kwa jina la dini ya Mwenyezi Mungu.

Nimsemee ustadhi wako kwa haki kwanza. Kauli ya kuwa asiyekuwa Muislamu hazuriwi ila kwa kutarajia kusilimu kwake hakuitunga yeye. Aliisema Ibn Battal, mwanachuoni mkubwa wa Andalusia, alipoifafanua Hadithi ya Sahaba Anas kuhusu kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume (s.a.w.) kisha akaugua. Mtume alikwenda kumzuru, akaketi kwenye kichwa chake, akamwambia asilimu. Kijana akamtazama baba yake, na baba akamwambia amtii Abul-Qasim, yaani Mtume, naye akasilimu. Ibn Battal akaona kwamba ziara ile iliruhusiwa kwa ajili ya matumaini hayo tu. Tatizo ni kwamba ustadhi wako amesoma nusu ya ukurasa. Al-Hafidh Ibn Hajar, ambaye ndiye aliyetunakilia maneno hayo katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Hadithi cha Bukhari, hakuyaacha yapite. Alisema papo hapo kwamba lililo dhahiri ni kuwa jambo hilo hutofautiana kwa kutofautiana makusudio, kwani ziara inaweza kuleta maslahi mengine. Kisha akamleta al-Mawardi, ambaye ni katika maimamu wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyesema kwamba kumzuru dhimmi, yaani asiyekuwa Muislamu aliye chini ya ulinzi wa Waislamu, kunajuzu, na kwamba kuwa kwake ibada kunategemea kuwepo heshima fulani iliyoambatana nako, kama vile ujirani au udugu.

Itazame kauli hiyo ya al-Mawardi kwa utulivu. Hakuuliza kama mgonjwa anakaribia kusilimu. Ameuliza una haki gani naye. Katika Surat an-Nisaa, Aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, kisha akamtaja rafiki aliye ubavuni. Wapo wafasiri waliosema kwamba huyo ni mwenzako wa safarini. Mtu uliyetembea naye ubavuni kila Jumamosi kwa miaka sita, akakuelekezea darubini mtini na kukutajia jina la kila kilichoruka, ikiwa si sahibu wa ubavuni basi sijui neno hilo tumwekee nani. Na juu ya hayo ni mwalimu wako.

Najua ustadhi wako ataleta Aya ya kwanza ya Surat al-Mumtahina, inayokataza kuwafanya maadui wa Mwenyezi Mungu kuwa vipenzi, kwa kuwa huletwa kila mara. Aya hiyo ilishuka katika kisa cha Hatib bin Abi Balta'a, aliyewaandikia Maquraishi barua ya kuwapasha habari za safari ya Mtume (s.a.w.) kuelekea Makka. Ni Aya ya vita na siri za vita. Na Sura hiyo hiyo, haijafika mwisho, inasema katika Aya ya 8 kwamba Mwenyezi Mungu hawakatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakuwapiga vita kwa sababu ya dini wala hawakuwatoa majumbani mwenu, na kwamba Yeye huwapenda waadilifu. Neno la wema lililotumika hapo ni lenye asili moja na birri, neno tunalolitumia kwa wema wa mtoto kwa wazazi wake. Asmaa binti Abu Bakr alipojiwa na mama yake, naye angali mshirikina, alimwuliza Mtume kama amuunge, akajibiwa: ndiyo, muunge mama yako. Imamu al-Qarafi, alipoeleza tofauti iliyopo baina ya wema huu na mapenzi yaliyokatazwa, alihesabu katika wema kumhurumia dhaifu wao, kumwondolea fakiri wao haja yake, kumlisha mwenye njaa wao na kuzungumza nao kwa upole. Hebu nambie, mwalimu mzee asiyeweza kumeza ugali amempiga vita nani? Kuichukua Aya iliyoteremshwa kwa ajili ya majeshi na kuibandika kwenye kitanda cha mgonjwa wa saratani ni kuidhulumu Aya kabla ya kumdhulumu mgonjwa.

Kuhusu kumwombea shifaa, ninadhani ustadhi wako amechanganya mambo mawili. Lililokatazwa katika Surat at-Tawba, Aya ya 113, ni kuwaombea msamaha wa Akhera waliokufa katika shirki. Afya ni riziki ya dunia kama mvua, na Mola huwapa walioamini na wasioamini. Abu Said al-Khudri amepokea kwamba kundi la Masahaba lilipita kwa kabila lililokataa kuwapokea wageni, kisha mkuu wa kabila hilo akaumwa na nge, na Sahaba mmoja akamsomea Suratul Fatiha hadi akainuka. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa hakumlaumu, bali alikubali. Wanachuoni wamelichukua tukio hilo kuwa dalili ya kujuzu kumsomea asiyekuwa Muislamu. Basi mwombee, kwa Kiarabu au kwa Kiswahili. Wenzako wakiomba kwa namna ya dini yao, keti kwa adabu, usiitikie lenye kupingana na imani yako, wala usiondoke kwa kishindo ukamtia mgonjwa simanzi.

Je, nimesema usimweleze dini yako? Sikusema. Akiuliza, mjibu kwa ukweli na upole. Amekuona ukitandika mswala wako chini ya miti miaka sita yote, na hilo limekwisha kumweleza mengi. Ninachokikataza ni kumgeuza mtu aliyelala, asiyeweza hata kuinuka aondoke, kuwa windo, uji ukawa chambo. Kijana yule wa Kiyahudi aliijua huruma ya Mtume nyumbani kwake kabla ya siku ile, na hatuna habari kwamba aliwekewa sharti ndipo azuriwe.

Neno la mchezo wa kipuuzi sitalikalia sana. Qur'ani imetuhimiza kuwatazama ndege walio juu yetu wanaokunjua na kukunja mbawa zao, katika Surat al-Mulk, Aya ya 19. Na mdogo wake Anas, mtoto aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na kidege alichokipenda, naye Mtume wa Mwenyezi Mungu (s.a.w.), aliyebeba mzigo wa umma mzima, alikuwa akimwuliza: ewe Abu Umayr, amefanyaje nughayr, yaani kidege chako? Alilijua jina la ndege wa mtoto. Ukikaa na Guka ukamhadithia habari za ndege kama chozi na kwarara, unafuata mwenendo uliotangulia.

Ama zaka, hapo jibu ni hapana. Rai ya wanachuoni walio wengi, na ndiyo ninayoifuata, ni kwamba zaka ya mali haipewi asiyekuwa Muislamu kwa ufakiri wake, kwa Hadithi ya Sahaba Mu'adh alipotumwa Yemen, kwamba ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafakiri wao. Itoe dhahabu yako zaka yake, uwapelekee Waislamu wanaostahiki, wakiwemo wagonjwa. Sadaka haina mpaka huo, na hiyo mpe Guka kadiri ya uwezo wako.

Sasa niruhusu niseme kama mzazi. Marehemu mama yangu alilala kitandani miezi minne huko Pumwani, na aliyekuwa akija usiku kumgeuza ubavu, sisi wana tukiwa tumechoka, alikuwa jirani yetu Mkamba, mwanamke wa kanisani. Hatukumwuliza imani yake tulipopokea bakuli mkononi mwake, wala hakuna mtu msikitini kwetu aliyesema amekosea kutusaidia. Nimejifunza kwa jirani huyo kwamba mgonjwa huhitaji watu wa mwezi wa tatu na wa nne zaidi ya watu wa wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza kila mtu huja na matunda.

Kwa hiyo irudie Jumatano yako. Usiwe naye faragha. Nenda mkewe akiwepo au ufuatane na mwenzako, na usione haya, maana Bibi Aisha aliwazuru baba yake na Bilal walipougua Madina. Kabla hujapika, mpigie mkewe simu umwulize ni kitu gani kinapita sasa, kwa sababu miali huchubua umio, na uji aliouweza wiki tatu zilizopita huenda leo unamchoma. Ukiwa na mafua, baki nyumbani utume sauti. Asipotaka kula, usimsihi mpaka akajiona ana hatia. Msipige picha zake kitandani na kuzisambaza, hata kwa nia ya kuchangisha, mpaka yeye mwenyewe aridhie. Mwili wake ni sitara yake. Mweka hazina wenu aandike kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na mkewe aonyeshwe, kwa sababu nimeona michango ya wagonjwa ikizaa uhasama usiokwisha.

Kuna jambo jingine ambalo vikundi vya marafiki huliogopa. Ikiwa madaktari wamesema kwamba ugonjwa umeenea, ulizeni mapema kuhusu huduma ya kutuliza maumivu. Nairobi Hospice imekuwa ikiwahudumia wagonjwa kama yeye tangu 1990, na kumwita mhudumu wa namna hiyo si kumkatia mtu tamaa. Wapo jamaa wanaomnyima mgonjwa mofini aliyoandikiwa, wakidhani kwamba kuvumilia maumivu ni ushujaa au kwamba dawa hiyo ni ulevi. Dawa inayotolewa na daktari kwa kipimo chake ni dawa. Ukiwa pale na ukaona anaumia, mweleze mkewe hivyo bila ya kusitasita.

Na msimfiche hali yake kwa kumwimbia kila siku kwamba atapona. Mwacheni aseme anachotaka kusema. Mtu aliyeishi akiangalia misimu, akijua mbayuwayu huja lini kutoka Ulaya na huondoka lini, hashindwi kuujua msimu wake mwenyewe. Akitamani kutolewa nje, hata kwa nusu saa, mwulizeni daktari, mumpeleke kwa kiti cha magurudumu mahali penye njia tambarare, na mkutane hapo badala ya mahali penu pa kawaida.

Ikifika siku ya Mwenyezi Mungu kumchukua, nawe hujauliza hili ila najua utaliuliza, usijifungie ndani ukiogopa tena. Jeneza la Myahudi lilipita mbele ya Mtume (s.a.w.), akasimama. Alipoambiwa ni la Myahudi, alisema: kwani si nafsi? Nenda ukampe mkewe pole, usaidie kupika na kupokea wageni, ufuatane na wenzako hadi kaburini bila ya kushiriki katika ibada yenyewe, na mambo ya Akhera yake umwachie Mola aliyemuumba. Kisha, binti yangu, Jumatano zibakie zako hata baada ya hapo, kwa kuwa mama huyo atakuwa amebaki peke yake na darubini ya mumewe, na huenda hakuna mwingine atakayemwambia ndege gani wameonekana wiki hiyo.

Wallahu aalam.