Koki ya mafuta inavuja kwenye pikipiki ya zamani: tafuta kwanza inavujia wapi

Mkuu, nimekusoma. Yamaha DT 125 ya marehemu mjomba wako imekaa stoo Urambo muda mrefu, umeitia petroli na koki (kile kibomba cha chini ya tenki cha kufungulia na kufungia mafuta) ikaanza kudondosha. Fundi wa kwanza kasema nunua koki mpya, wa pili kasema tenki limeoza, na kuna mdau mwingine humu jukwaani anakushauri uzibe kwa supaglu. Mimi niko Tabora mjini na hizi Yamaha na Honda XL za zamani, zile zilizopita mikononi mwa maofisa ugani, ndizo nimekuwa nikishika muda wote. Usinunue chochote kwanza. Koki huvujia sehemu zaidi ya moja, na kila sehemu ina dawa yake. Ukikosea sehemu, utabadilisha koki na itaendelea kudondosha vilevile.

Shida ni kwamba petroli ikitoka juu inateremka na kudondokea chini, kwa hiyo tone unaloliona halikuonyeshi chanzo. Futa koki yote kwa kitambaa mpaka ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki au poda ya mtoto pande zote, hadi juu inapokutana na tenki. Weka kwenye kufunga, subiri. Mahali unga unapoanza kulowa ndipo penye ugonjwa. Alama za kahawia zilizoganda pia zinasema mengi, maana petroli ikikauka huacha utando.

Ukilowa kwa juu, kosa ni oringi (pete ya raba ya kuziba) iliyo kati ya koki na tenki, au washa za zile bolti mbili zinazoishika koki kwenye tenki. Ukilowa kuzunguka mkono wa kufungulia, ni raba ya ndani. Ukilowa kwenye kikombe cha chini (kama koki yako ina kikombe), ni oringi yake. Ukilowa kwenye paipu, shukuru Mungu: kata kipande cha mwisho kilichokakamaa au nunua paipu mpya na klipu, kazi imekwisha.

Kuna uvujaji mwingine usioonekana nje, na huo ndio ninaouogopa zaidi. Koki imefungwa lakini petroli inapita ndani kwenda kwenye kabureta. Chomoa paipu upande wa kabureta, itumbukize kwenye chupa, funga koki, uiache usiku kucha nje ya nyumba. Ukikuta petroli kwenye chupa, koki haifungi. Sindano ya floti kwenye kabureta (ndiyo inayozuia petroli ikishajaa) nayo ikiwa imechoka, petroli itamwagika chini au itaingia kwenye injini. Kwa DT, ambayo ni tu-stroku, itajaa chini ya pistoni na kiki itakuwa nzito au itagoma kabisa. Kwa zile foo-stroku kama XL inachanganyika na oili: ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta oili imeongezeka na inanuka petroli. Ukiona hivyo usiwashe. Mwaga oili yote kwanza.

Sasa kufungua. Toa petroli yote kwenye dumu, vua tenki kabisa, lilaze juu ya gunia. Fanyia kazi nje, mbali na jiko la mkaa, na usiruhusu mtu wa sigara asogee kukupa ushauri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini na unaweza kufuata moto ulio mbali na wewe. Hata tenki tupu lina mvuke, kwa hiyo habari ya kuchomelea kwa gesi aliyokwambia fundi wa pili iache.

Kwa pikipiki iliyokaa muda mrefu kama yako, mimi ningeweka dau kwenye raba ya mkono. Mbele ya koki kuna kibati cha duara kilichoshikwa na skrubu mbili ndogo. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Nyota ya skrubu za Kijapani imechongwa tofauti kidogo na bisibisi nyingi za madukani. Ukizungusha kwa nguvu, ncha inapanda na kula kichwa. Chagua bisibisi inayojaa tundu lote, iweke wima, igonge kwa nyundo mara kadhaa ili skrubu ishtuke, halafu zungusha huku unakandamiza kwa uzito wa bega. Koki ni ya madini laini, kwa hiyo iwe imekaa juu ya ubao, isiwe inaning'inia.

Kibati kikitoka, kuna springi bapa yenye mawimbi, kisha mkono wenyewe, na nyuma ya mkono kuna raba ya mviringo yenye matundu, kubwa kama kitufe cha koti. Iangalie kwenye mwanga. Raba nzima ina uso laini na ukiibonyeza kwa ukucha inarudi. Ya kwako nadhani utaikuta inang'aa, ngumu, na ina mfereji mwembamba uliochimbwa na mkono ulipokuwa ukizunguka. Raba iliyozoea kulowa petroli ikiachwa ikauke miezi mingi husinyaa. Ikishasinyaa, springi haina cha kukandamiza, na petroli inapita juu ya uso wake: ama inatokea mkononi, ama inakwenda kwenye kabureta ukiwa umefunga. Ndiyo maana pikipiki iliyolala stoo inavuja kuliko inayokimbia kila siku.

Ukiwa porini unaweza kuigeuza raba, upande wa nyuma ukaja mbele. Itakusogeza, lakini ni suluhisho la kukufikisha nyumbani tu. Angalia pia nyuma ya mkono, ule uso unaokutana na raba. Kama una mikwaruzo au kutu nyeupe, raba mpya italiwa haraka. Laza msasa wa maji laini juu ya kioo, tia maji, usugue uso huo kwa mwendo wa duara mpaka ung'ae sawasawa, kisha osha vizuri. Uso wa koki unaokutana na tenki nao usugue hivyohivyo, kwa sababu mtu aliyewahi kukaza bolti kupita kiasi anakuwa ameukunja ukawa na tumbo, na oringi peke yake haitoshi kuziba hapo.

Kuhusu zile bolti mbili: kwenye matenki mengi tundu la bolti linatokezea ndani ya tenki, kwa hiyo petroli inashuka kwenye nyuzi. Lazima kila bolti iwe na washa ya kuzuia mafuta, ya faiba au nailoni. Mafundi wengi wanarudisha washa ya chuma ya kawaida kisha wanalaumu oringi. Na usikaze kama unafunga tairi. Bati la tenki ni jembamba, nyuzi zikichanika hapo ndipo gharama inaanza.

Sasa vitu vya kuziba. Raba ya tyubu ya baiskeli, hapana: inavimba kwenye petroli na inakuwa kama jeli. Silikoni ya kopo nayo inalainika, na vipande vyake vinakwenda kuziba jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta. Tepu nyeupe ya mabomba petroli haiifanyi kitu, ila hapa haikusaidii maana kinachoziba ni washa, siyo nyuzi, na nyuzinyuzi zake zinaishia kwenye kabureta. Nimekuta hata koki iliyozibwa kwa nta ya nyuki na mtu wa Sikonge. Kwa mzinga nta ni sawa, kwa petroli inalainika na kuyeyuka kidogo kidogo. Omba raba ya petroli, ile wanayoiita naitrili au vitoni. Duka la spea likikuambia "oringi ni oringi", nenda duka jingine.

Umeuliza kama unaweza kuiendesha hivyo mpaka mshahara. Kama inavujia ndani, hapana. Kama ni kidogo kwa nje na huna njia nyingine, sabuni ya mche au ile ya mawese inayotoka Kigoma inasaidia: kausha sehemu, kanda sabuni na maji kidogo mpaka iwe kama ugali mgumu, ishindilie kwenye mwanya. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Maji ya mvua ndiyo yataiondoa, na hiki siyo kitu cha kulala nacho ndani ya chumba.

Tenki likiwa chini, mulika ndani kwa tochi ya simu, siyo kiberiti (nasema kwa sababu nimeshaona). Ukiona vumbi jekundu ni kutu, na petroli ya chupa za njiani huleta maji yanayoiongeza. Suuza na petroli safi kidogo, safisha lile chujio linaloingia ndani ya tenki, na hakikisha mirija yote miwili ipo. Mrefu ni wa matumizi ya kawaida, mfupi ni wa rizevu, yaani mafuta ya akiba. Mrefu ukikatika hutakuwa na rizevu tena na utajua ukishazimikiwa katikati ya msitu.

Ukija mjini kutafuta raba, njoo na koki yenyewe mfukoni ikiwa imekauka, usije na jina la pikipiki tu. Kama utalazimika kununua koki nzima, pima kwa rula kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya nyingine. Zipo za milimita 34 na zipo za 44, kwa macho zinafanana, na ukishaifungua pakiti muuzaji hairudishi.