Magufuli au Mabibo?

Shikamoo Shangazi. Naanza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Niombe mabweni ya Magufuli au hosteli ya Mabibo? – Msomaji, Singida

Marahaba, mwanangu. Omba Magufuli. Majengo yale 20, yaliyofunguliwa 2017, yako Mlimani. Darasani unakwenda kwa miguu. Mimi nilikaa Mabibo, na kipindi cha saa moja asubuhi kilinikuta nikining'inia mlangoni mwa daladala, kiatu kimoja mkononi. Ila Mabibo ndiko nilikopata mashoga zangu (tulikuwa wanne, sahani moja ya chipsi mayai), nao mpaka leo tunazikana. Ukipangiwa huko usilie. Nunua tu kufuli lako mwenyewe, na nauli usiile.