Usifute varianti kisa tu ina namba ya rs

Mkuu ulieuliza kama ni sawa kutupa kila varianti (badiliko la DNA) yenye namba ya rs (namba ya usajili ya databezi ya dbSNP) kwenye faili la uvimbe, eti hizo zote ni za kuzaliwa nazo, jibu langu ni hapana. Nilifanya hivyo hivyo nikatupa kitu chenyewe nilichokuwa nakitafuta.

Mimi niko Mtwara, mafaili ya kwanza kupewa yalikuwa ya saratani ya ini. Huku kwetu karanga ni chakula cha kila siku, zisipokauka vizuri zinaota ukungu na kuingia sumukuvu, na sumukuvu ikifika kwenye ini ina sehemu inaipenda, jeni la TP53 kodoni (herufi tatu za DNA) ya 249, AGG inakuwa AGT, na kwenye protini asidi amino ya arjinini inageuka serini (ndo maana inaitwa R249S). Imejulikana tangu 1991 kwa wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika. Sasa mimi nikaendesha filta ya kutupa zenye rs huku naisubiria hiyo R249S, hola, siku mbili sijaiona.

Kumbe imo dbSNP kama rs28934571! Ile dbSNP ni daftari la mabadiliko ya DNA yaliyoripotiwa, za saratani zimo humo humo. Nikaitoa filta, bado siioni, maana nilikuwa natafuta G kwenda T wakati TP53 inasomwa kwenye uzi wa kinyume, kwa hiyo kwenye VCF (faili la orodha ya varianti) inaandikwa C kwenda A, kromosomu 17 nafasi ya 7674216 kama umetumia GRCh38, toleo la ramani ya DNA ya binadamu (toleo la zamani la GRCh37 ni 7577534, ukichanganya hapo umepotea kabisa). Nikafungua IGV, programu ya kuonyesha DNA iliyosomwa, nikaangalia kwa macho: kama robo ya vipande vya DNA vilivyosomwa hapo vina A, vimetoka nyuzi zote mbili, na damu ya mgonjwa huyo huyo haina hata kimoja. Aisee nilikaa naitazama tu ile skrini.

So badala ya rs tumia kiwango cha watu walionayo kule gnomAD (databezi ya varianti za watu wengi), wengi wanakata inayozidi asilimia 1, halafu programu ya VEP ikuambie inabadili protini au la, na ClinVar (databezi ya varianti na magonjwa) uisome kabla hujafuta chochote. Ila hapa naomba unisikilize sana, watu wetu ni wachache mno kwenye hizo databezi, kitu kinachoweza kuwa cha kawaida kabisa kwa Wamakonde au Wamwera kinaonekana adimu, na wewe unakitangaza ni cha saratani. Dawa yake ni damu ya mgonjwa mwenyewe, uilinganishe na uvimbe kwenye Mutect2, programu ya kutafuta mabadiliko ya saratani.

Na kama kipande cha uvimbe kilikaa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia nyama ya mwili), zile C kwenda T za asilimia ndogo ndogo usiziamini haraka, formalini yenyewe inazitengeneza.

Je, una damu ya huyo mgonjwa au una uvimbe peke yake? Nijibu hilo kwanza ndo nikuambie filta za kuanza nazo.