Mume anakunywa mwarobaini kila siku, na mtoto hapatikani

Dada yangu, umesema mumeo anakunywa kikombe cha mwarobaini kila asubuhi "kusafisha damu", na mwaka umekatika hamjapata ujauzito. Mimi ningeanzia kwenye hicho kikombe. Panya madume waliopewa majani yake maabara walipungukiwa mbegu, na zilizobaki zikawa hazikimbii vizuri. Huko India mafuta ya mwarobaini yamechunguzwa kabisa kama njia ya kuzuia mimba. Kwa binadamu ushahidi wa majani ya kuchemsha ni mdogo, kwa hiyo usiuhukumu mti peke yake. Ila aache. Mbegu mpya huchukua kama miezi 3 kukomaa, basi msitarajie mabadiliko wiki ijayo.

Miezi hiyo msikae bure. Aende akapime mbegu, akae siku 2 hadi 7 bila tendo kabla ya kutoa sampuli. Najua waume zetu wakionyeshwa kile kikopo wananuna, lakini wewe umeshapimwa homoni na ultrasaundi. Sasa ni zamu yake. Na wewe mwenyewe usiuguse huo mwarobaini, maana unahofiwa kuharibu mimba changa.